Shajara ya mradi: kuikunjua laisozaimu ya yai na kuikunja tena

Agosti 4

Mradi umepita, bajeti imekatwa nusu. Profesa alinirudishia karatasi akasema, "Mwanangu, hiyo protini ya kuagiza nje isahau. Tafuta inayopatikana sokoni." Nikamwambia sokoni kuna mayai. Akacheka, halafu akaona sitanii.

Kwa hiyo ni laisozaimu. Ni kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, na ndani ya ute mweupe wa yai la kuku kimejaa: katika kila gramu 100 za protini ya ute, gramu tatu na ushei ni chenyewe. Tunacho pia kwenye machozi, mate na makamasi, na Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922, kabla hata jina lake halijafungamana na penisilini. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake huko London walikichora umbo kwa eksirei, kikawa kimeng'enya cha kwanza kabisa kujulikana sura yake atomu kwa atomu.

Kinachonivuta mimi ni salfa yake. Mnyororo wa laisozaimu una asidi amino 129, na nane kati ya hizo ni sisteini, zile zenye salfa na hidrojeni (SH) nchani. Sisteini mbili zikipoteza hidrojeni zao, salfa hushikana na salfa, ndicho kifungo cha disalfaidi. Laisozaimu ina vinne: ya 6 imeshikana na ya 127, ya 30 na ya 115, ya 64 na ya 80, ya 76 na ya 94. Tazama hao wa kwanza. Mmoja yuko kichwani mwa mnyororo, mwenzake mkiani, katikati yao wamejaa wengine zaidi ya mia. Nani aliwakutanisha?

Swali langu ndilo hilo. Je, vifungo ndivyo vinavyoipa protini umbo, au umbo hutangulia na vifungo huja baadaye kulikaza? Najua jibu la vitabuni. Christian Anfinsen alilitafuta kule Bethesda, Marekani, kwa kutumia ribonukleasi, protini ya asidi amino 124 yenye vifungo vinne vile vile. Aliikunjua kwa yurea, akavunja vifungo vyote, kisha akaondoa dawa na kuiachia hewa. Ikajikunja yenyewe, kazi yake ikarudi karibu yote. Mwaka 1972 akapata nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia, nusu nyingine wakagawana Stanford Moore na William Stein. Lakini kusoma ni kusoma. Mimi nataka kuiona ikifa na kufufuka kwenye kikombe changu.

Agosti 5

Trei moja ya mayai. Nimetumia kumi kwa kuanzia. Nilitenganisha ute nyumbani, jikoni kwa mama, kwa sababu chochote kikishaingia maabara hakiliwi, na viini kumi kuvimwaga ni dhambi. Mama amepika keki.

Ute mbichi ni mgumu kuupima, unavutika kama makamasi. Niliukoroga polepole bila kuutoa povu, nikauchuja kwenye kitambaa kile cha kuchujia tui. Maabarani nikaongeza chumvi ya kawaida hadi asilimia 5, nikapandisha pH hadi 9.5 kwa magadi ya maabara, tone kwa tone. Ukiharakisha, ute unaganda palepale lilipoangukia tone. Njia hii ni ya zamani, imekuwapo tangu miaka ya 1940, na inafanya kazi kwa sababu laisozaimu ina chaji chanya nyingi ajabu: inafika pH karibu 11 ndipo chaji zake zisawazishane, wakati protini nyingine za ute zimeshavuka huko zamani.

Mwisho nikatia mbegu, yaani chembe chache za fuwele za laisozaimu zilizobaki kwenye chupa kuukuu. Chupa iko kwenye friji. Nimeandika karatasi kubwa: USIGUSE, SIYO MTINDI.

Agosti 8

Nanenane, chuo kimefungwa. Nimembembeleza mlinzi akanifungulia dakika kumi. Chini ya chupa kuna mchanga mweupe unaometa. Chini ya darubini si mchanga, ni vipande vyenye kingo kali kama vya kioo. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu mpaka mlinzi akagonga mlango.

Agosti 12

Kipimo cha kazi kimekaa sawa. Unachukua bakteria wakavu, Micrococcus luteus, unawatia kwenye bafa ya fosfeti (maji yasiyobadilika pH kirahisi) mpaka maji yawe na ukungu, unaweka kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaopita, kwenye nanomita 450. Ukitia laisozaimu hai, kuta za bakteria zinakatika na ukungu unapungua mbele ya macho yako. Kasi ya kupungua ndiyo kipimo. Laisozaimu ya mayai yangu inakata vizuri. Kuanzia leo kasi yake naiita 100, na mengine yote nitayalinganisha nayo.

Agosti 14

Siku ya kuvunja. Nimeiyeyusha laisozaimu kwenye yurea ya mola 8, pH 8.5, nikaongeza DTT, yaani dithiothreitoli. Kazi zao ni mbili tofauti, na watu huzichanganya. Yurea hulegeza mkunjo: maji yanaingia pale ambapo protini ilijificha, mnyororo unatanuka. Lakini vifungo vya salfa yurea haivigusi, vile ni vifungo vya kweli vya kemikali. Kuvikata kunahitaji kitu kinachojitolea salfa yake. DTT ina ncha mbili za SH. Moja inashambulia kifungo na kujishikiza hapo, ya pili inageuka na kumvuta mwenzake, DTT inajifunga yenyewe kuwa pete na protini inabaki na SH zake mbili zikiwa huru. Pete hiyo imetulia sana, haitamani kurudi. Ndiyo maana DTT ina nguvu.

Baada ya saa tatu niliipitisha kwenye safu ya kuchuja iliyolowekwa asidi asetiki, ili DTT ibaki nyuma na SH zisijifunge tena njiani. Kwenye asidi SH hulala. Ili ishambulie kifungo lazima kwanza ipoteze hidrojeni ibaki salfa yenye chaji hasi, na hilo linaanza kutokea kwa wingi pH ikikaribia 8.

Kisha kuhesabu kwa kitendanishi cha Ellman. Kinagusa SH huru na kutoa rangi ya njano, nayo inasomwa kwenye nanomita 412, na namba ya kuigeuza rangi kuwa kiasi cha SH ni 14,150. Sampuli ya mikromola 10 yenye SH zote nane huru inapaswa kusoma karibu 1.13.

Ilisoma 0.26. Piga hesabu: SH 1.8 kwa kila molekuli. Kati ya vifungo vinne nimevunja kimoja, tena hakijatimia.

Agosti 15

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

Fundi wetu wa maabara yuko hapa tangu mimi sijazaliwa. Nikamweleza. Hakuuliza kuhusu laisozaimu hata kidogo. Aliuliza, "DTT umeichanganya lini?"

Juzi. Niliichanganya juzi kwenye bafa ya pH 8.5 nikaiacha mezani, nikidhani najirahisishia kazi. Babu akatikisa kichwa. Kwenye pH hiyo, joto la nyuzi 20, nusu ya DTT huliwa na oksijeni ndani ya saa moja na nusu hivi. Kwenye pH 6.5 ingevumilia karibu saa 40. Na maabara yetu ikikosa umeme wa kiyoyozi si nyuzi 20, ni joto la Dar. Mimi niliipa protini yangu maji yenye pete tupu.

Yurea nayo anasema niitengeneze siku hiyo hiyo, kwa kuwa ikikaa hutoa sayaneti inayojibandika kwenye protini. Nimeandika yote mawili kwa kalamu nyekundu kwenye jalada.

Agosti 19

DTT mpya, yurea mpya. Ellman: 1.10. Hiyo ni SH 7.8, yaani nane ukiondoa mkono wangu kutetemeka. Kazi ya kukata bakteria: sifuri. Ukungu umesimama tu kwenye spektrofotomita, mstari umelala kama bahari ya alfajiri.

Sasa nina mnyororo mtupu. Kila asidi amino ipo, kwa mpangilio ule ule kuku alioupanga. Glutamati ya 35 na aspatati ya 52, ambazo ndizo zinazoshika sukari ya ukuta wa bakteria na kuikata, zipo zote mbili. Ila haziko tena ana kwa ana.

Agosti 21

Nimejaribu kuikunja, nimepata tui. Nilichukua protini iliyofunguka, nikaimimina kwenye bafa ya pH 8 isiyo na yurea, na kabla sijaweka pipeti chini kikombe kilikuwa cheupe. Mnyororo uliokunjuliwa una sehemu nyingi zinazochukia maji, na kabla haujajikunja kuzificha, unamkuta jirani mwenye shida ile ile, wanashikana. Kujikunja ni kazi ya mtu mmoja, kushikana kunataka wawili. Ukizidisha wingi, kushikana kunashinda. Dawa ni kuwatawanya. Mara nyingine nitashuka hadi sehemu ya kumi ya miligramu kwa mililita, na nitamimina kidogo kidogo.

Agosti 26

Hili naliandika lote, hata kama linaniaibisha.

Ijumaa niliweka sampuli iliyofunguka kwenye mfuko wa dayalisisi, ule wenye vitundu vinavyopitisha yurea na kuizuia protini, nikautumbukiza kwenye ndoo ya bafa ya pH 8.5 ili yurea itoke polepole wakati hewa inafunga vifungo. Nikaenda nyumbani. Jumatatu nikapima SH: hakuna. Zote nane zimefungwa. Nilimpigia mama simu kumwambia mradi umekamilika.

Halafu nikapima kazi. Haikufika hata 2 kati ya 100.

Nilirudia mara tatu, nikabadili bakteria, nikapima ile ya mayai kuhakikisha mashine ni nzima. Mashine nzima. Hiyo ndiyo laisozaimu yenye vifungo vinne kamili vya disalfaidi, haina hata SH moja inayoning'inia, na ni mfu.

Jibu lilikuwa kwenye ndoo. Ndoo mbili zilikaa pamoja, hazina lebo, na nilichukua ile yenye yurea ya mola 8. Kumbe siku tatu nzima yurea haikutoka mfukoni. Mnyororo ulikuwa umelegea kama kamba iliyotupwa, na hewa ikawa inafunga SH yoyote na yoyote iliyopita karibu. Nilipoitoa yurea leo asubuhi, kufuli zilikuwa zimeshafungwa.

Fanya hesabu ya ndoa hizo. Sisteini ya kwanza ina wachumba saba. Ikishaoa, inayofuata ina watano, kisha watatu, kisha mmoja. Saba mara tano mara tatu: njia 105 za kuwaoanisha wanane. Ni moja tu iliyo ya laisozaimu halisi. Kama mnyororo haujali, utapata sahihi mara moja katika 105, karibu asilimia 1.

Na hapo nikakumbuka nusu ya pili ya kazi ya Anfinsen, ile niliyoisoma haraka haraka. Na yeye alifunga ribonukleasi ikiwa bado ndani ya yurea, kwa makusudi, akapata asilimia 1 hivi ya kazi. Mimi nimerudia jaribio lake kwa uzembe wa lebo.

Profesa nilimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha: "Usiimwage."

Agosti 30

Jumamosi, saluni. Anti ananiweka kalikiti, na leo kwa mara ya kwanza nilisoma maandishi ya chupa. Thioglaikoleti. Ni ndugu wa DTT, ina SH nchani. Nywele ni keratini, na keratini imejaa vifungo vya disalfaidi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndivyo vinavyoshikilia msokoto wa nywele zangu. Anti anapaka dawa, vifungo vinakatika, nywele zinalegea. Anazungusha kwenye rola. Ndipo anapaka nyutrolaiza, ambayo ni ya kufunga upya kwa oksijeni, na vifungo vinashika pale rola ilipoziweka.

Nikamuuliza, "Anti, ukiweka nyutrolaiza kabla ya rola inakuwaje?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mdogo wangu, hapo umeharibu. Zinakauka vile vile zilivyolala. Inabidi upake dawa tena kidogo, zilegee, ndiyo uzipange."

Dawa tena kidogo. Nilikaa chini ya drai nikiandika kwenye kiganja.

(Dawa ya kunyoosha, ile yenye magadi makali, ni habari nyingine. Ile haikati kifungo kwa upole. Inaondoa salfa moja kabisa na kuacha kifungo cha salfa moja, ambacho nyutrolaiza haiwezi kukirudisha. Ndiyo maana saluni makini haichanganyi hizo mbili kwenye kichwa kimoja.)

Septemba 2

Ile laisozaimu mfu niliyoambiwa nisiimwage nimeitawanya kwenye bafa ya pH 8, haina yurea. Nikaigawa vikombe viwili. Cha kwanza sikutia kitu. Cha pili nikatia glutathioni, molekuli ndogo ambayo nayo ina salfa, ya aina mbili: milimola 5 ya ile yenye SH huru, na milimola 0.5 ya ile iliyofungana mbili mbili.

Kikombe cha kwanza, saa nzima, hakuna jipya. Cha pili, baada ya saa moja ukungu wa bakteria ulianza kupungua. Jioni kilikuwa kimepita nusu ya kazi ya laisozaimu ya asili. Nililala maabarani, na asubuhi kimefika robo tatu. Chembe kidogo zimetuama chini, hizo nadhani ni walioshikana wasirudi.

Glutathioni ile yenye SH inafungua kifungo kibaya, sisteini inapata nafasi ya kujaribu mwingine, kisha ile iliyofungana inasaidia kufunga. Fungua, jaribu, funga, rudia. Swali ni kwa nini mchezo huo haukuendelea kuzunguka kwenye njia 105 milele. Kwa sababu yurea haipo. Mnyororo sasa una maoni yake: sehemu zinazochukia maji zinakimbilia ndani, vifungo vya hidrojeni vinajipanga, na umbo linapoanza kujitokeza, ya 6 na ya 127 zinajikuta zimekaa jirani. Vifungo sahihi vikifungwa, vingi vinazama ndani ya umbo, glutathioni haivifikii kirahisi. Kifungo kibaya kinabaki nje, kinafunguliwa tena.

Kwa hiyo swali la Agosti 4 nalijibu hivi: mnyororo ndio uliowakutanisha. Kifungo ni kufuli. Haijui mlango ni upi.

Septemba 4

Profesa ameuliza swali linalouma: chembe hai inasubiri usiku mzima?

Haisubiri. Protini zinazotoka nje ya chembe hukunjwa ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vifuko ndani ya chembe, ambako hali inaruhusu salfa kufungana. Kwenye saitoplazimu, yaani uteute wa chembe ulio nje ya vifuko hivyo, glutathioni iliyo huru ni nyingi mno na vifungo havidumu. Na humo ndani kuna fundi maalumu, kimeng'enya cha kubadilisha disalfaidi, kwa kifupi PDI. Anfinsen na wenzake walikipata mwaka 1963 kwenye ini, wakimtafuta anayeharakisha kile kile nilichokifanya mimi kwa glutathioni. Fundi huyo ana sisteini zake, anaingiza kidole, anafungua kifungo kibaya, anaondoka. Kazi ya saa kwangu ni ya dakika kwake.

Fundi huyo naye hawezi kuokoa mnyororo uliopungukiwa sisteini. Insulini ina vifungo vitatu: viwili vinaunganisha mnyororo A na B, kimoja kiko ndani ya A. Wapo watoto wanaozaliwa na badiliko moja la jeni linaloweka tairosini mahali pa sisteini ya 7 ya mnyororo A. Mwenzake kwenye B anabaki mjane, insulini haikunjiki sawa, inarundikana ndani ya chembe za kongosho mpaka chembe zenyewe zinakufa. Kisukari kinaanza wakingali wachanga. Asidi amino moja.

Nimekaa na hilo muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Septemba 9

Jambo moja linanizuia kusema vifungo ni vya kukaza tu, basi. Je, vyote vinne ni sawa? Wapo waliokwisha kuondoa kile cha 6 na 127 peke yake na kuziziba salfa zake zisirudi. Laisozaimu hiyo ya vifungo vitatu bado inakunjika na bado inakata, kwa kuwa kifungo hicho kiko mbali na 35 na 52. Ila ukiipasha moto inayeyuka umbo karibu nyuzi 25 mapema kuliko nzima. Mnyororo usiofungwa kichwa na mkia una njia nyingi zaidi za kutanuka, na joto linazipenda njia hizo.

Hilo ndilo nataka kulijaribu sasa. Kifungo cha 6 na 127 kiko juu juu, kinafikika kuliko wenzake, kwa hiyo DTT kidogo bila yurea inapaswa kukikata chenyewe kwanza. Nahitaji ayodoasetati ya kuziba salfa, na Babu anadhani kuna chupa kabati la ndani, haijafunguliwa, imekaa gizani kama inavyotakiwa. Kesho tutaangalia.

Ndoo zote zina lebo. Mayai mengine kumi nimenunua leo jioni. Mama ameshatoa unga.